Rangi Yangu na Yake ni Moja, Mbona Anasema Yeye si Mweusi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi kutoka Tanzania, nafanya kazi Massachusetts, Marekani, katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu ya usiku huwa na dada mmoja kutoka Jamhuri ya Dominika. Rangi yangu na yake ni moja, na akifunga kilemba ungeapa ametoka Tanga. Mwezi uliopita tuliletewa fomu za kazini. Kwenye kipengele cha rangi nikamwonyesha nilipoweka alama, nikamwambia, "Weka hapa, sisi weusi." Uso ukambadilika. Akasema, "Mimi si mweusi. Mimi ni india." Tangu siku hiyo ni salamu tu. Je, hawa watu kweli wana asili ya Afrika? Kama wanayo, mbona anajikana? Na mimi nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa ubaridi huo ulioingia kati yenu. Zamu ya usiku ni ndefu, na huwa ndefu zaidi ukiwa na mtu msiyesemezana naye.

Nianze na swali lako la kwanza, maana ndilo jepesi. Ndiyo, wana asili ya Afrika, na si haba. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa Santo Domingo mwaka 2016, ambao chuo cha wanahistoria wa nchi hiyo kilishiriki, ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 49 ya asili ya Wadominika imetoka Afrika, 39 Ulaya, na 4 tu kwa Wataino, wenyeji waliokutwa kisiwani na Wahispania. Sasa rudi kwenye neno alilokujibu. India maana yake ni huyo mwenyeji wa asili. Kati ya fungu la 49 na fungu la 4, mwenzako ameshika la 4. Ukiishia hapo utasema anajikana, na wengi wetu huishia hapo. Mimi nakuomba twende mbele kidogo.

Tuanzie kwenye lugha yetu wenyewe. Ukiwa Kariakoo mtu akakwambia, "Muulize yule dada mweupe pale," hutazami huku na huku ukitafuta Mzungu. Unajua anamsema Mwafrika mwenzako aliyejaliwa ngozi nyepesi. Kuna mweupe, kuna maji ya kunde, kuna mweusi, na wote watatu wanaweza kuwa tumbo moja. Maneno hayo yanamtambulisha mtu kwa macho tu, hayamwandikishi kwenye taifa wala ukoo. Ndivyo maneno ya rangi yanavyotumika Dominika, ila wao wamekwenda mbali zaidi.

Niliwahi kukaa saa nzima katika saluni ya Kidominika mtaa wa Washington Heights, New York, nikimsubiri mwenyeji wangu atolewe rola kichwani. Mama aliyekaa kando yangu akanionyesha picha ya wanawe watatu kwenye simu. Kidole kikawa kinasogea: huyu india clara, yaani india wa rangi nyepesi, huyu trigueño, yaani rangi ya ngano, na huyu wa mwisho jabao, ngozi nyeupe lakini nywele za kipilipili. Baba mmoja, mama mmoja. Nikamuuliza, na mimi je? Akanitazama vizuri, akasema polepole, "Moreno," kama mtu anayechagua neno lisiloumiza. Tulipotoka, mwenyeji wangu akanifafanulia kwamba moreno ndiyo wanavyowaita Wamarekani weusi. Kaka yake mwenyewe, ambaye ni mweusi kunizidi, huitwa indio oscuro, yaani india wa kiume mwenye rangi nzito. Si ngozi iliyotutenganisha mimi na kaka yake. Tofauti ilikuwa kwamba mimi si wa kwao.

Hapo ndipo mlipogongana wewe na mwenzako. Fomu mliyoletewa ni ya Marekani, na Marekani ina kanuni yake: tone moja la damu ya Afrika lilitosha kukufanya mweusi. Virginia waliiandika kuwa sheria kabisa mwaka 1924. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini mambo yalikwenda kinyume, tone la damu nyeupe lilitosha kukutoa kwenye weusi. Kwa hiyo ulipomwambia "sisi weusi", wewe ulikuwa unamkaribisha. Yeye alisikia anashushwa na kuambiwa si Mdominika, kwa neno moja.

Lakini nikiachia hapo nitakuwa nimekudanganya, maana maneno ya rangi hayana usawa kokote yalipo. Sisi tuna nywele za singa na nywele za kipilipili, na sote tunajua zipi zinasifiwa katika nyimbo za harusi. Wao husema pelo bueno na pelo malo, nywele nzuri na nywele mbaya, bila hata kupunguza sauti. Sisi tuna mkorogo. Wao wana usemi wa kumwambia kijana anayetafuta mchumba: mejorar la raza, boresha uzao, yaani oa mweupe kuliko wewe. Ukisikia mtu anasema yeye ni india, ujue neno hilo lilitengenezwa ili neno jingine lisisemwe, na lina historia.

Kisiwa chao, Hispaniola, ndicho cha kwanza katika Amerika nzima kupokea watumwa kutoka Afrika, mwanzoni mwa karne ya 16. Ndiko pia yalikotokea maasi ya kwanza makubwa ya watumwa yanayojulikana katika bara hilo, Desemba 1521, kwenye shamba la miwa la Diego Colón, mtoto wa Christopher Columbus. Nje ya makumbusho moja jijini Santo Domingo imesimama sanamu ya Sebastián Lemba, Mwafrika aliyetoroka utumwani karne hiyohiyo akaongoza mapambano milimani kwa miaka mingi. Huo weusi haukuja jana.

Sukari ya Wahispania ilidorora mapema. Upande wa mashariki wa kisiwa ukabaki nchi ya wafugaji wa ng'ombe, maskini, bwana na mtumwa wakipakua chungu kimoja. Watumwa wengi walipata uhuru, watu wakaoana. Upande wa magharibi waliingia Wafaransa na mashamba makubwa, na kufikia 1789 walikuwa na watumwa karibu nusu milioni. Huku mashariki, mtu huru mwenye asili ya Afrika hakukubali kuitwa mweusi, kwa sababu masikioni mwake mweusi na mtumwa vilikuwa kitu kimoja. Alijiita blanco de la tierra, mweupe wa nchi hii. Na ngozi yake huenda ilikuwa kama yako!

Kisha watumwa wa magharibi wakawashinda Wafaransa, na mwaka 1804 ikazaliwa Haiti. Mwaka 1822 jeshi la Rais Jean-Pierre Boyer likaingia mashariki na kufuta utumwa huko. Miaka 22 baadaye, tarehe 27 Februari 1844, Wadominika wakajitangazia uhuru. Soma tarehe hiyo mara mbili, mwanangu. Nchi nyingi za Amerika ya Kilatini zinaadhimisha kuondoka mikononi mwa Hispania. Hawa siku yao kuu ya uhuru ni ya kuondoka mikononi mwa Haiti, taifa la weusi. Tangu hapo kuwa Mdominika kukaanza kumaanisha kutokuwa Mhaiti, na kwa kuwa Mhaiti ni mweusi, ilibidi Mdominika apatiwe jina jingine. Wataino walikuwa wamekwisha karibu wote ndani ya miongo michache baada ya Columbus. Babu aliyekwisha kufa hadai kitu, kwa hiyo jina lake lilikuwa salama kulitumia.

Usidhani kwamba weusi walifungiwa nje ya nchi yao. Gregorio Luperón, aliyeongoza vita dhidi ya Wahispania waliorudi mwaka 1861 na kuondoka 1865, alikuwa mweusi. Ulises Heureaux, aliyetawala kwa mkono wa chuma mpaka akauawa 1899, alikuwa mweusi, na baba yake alikuwa na asili ya Haiti. Waliokula kiapo cha kufuta weusi kabisa walikuja baadaye.

Mkubwa wao ni Rafael Trujillo, dikteta kuanzia 1930 mpaka alipouawa 1961. Bibi yake mzaa mama alikuwa na asili ya Haiti, naye alikuwa akijipaka poda usoni ili aonekane mweupe. Oktoba 1937 aliamuru Wahaiti wa maeneo ya mpakani wauawe, wengi wao kwa panga. Walikufa maelfu, wakiwemo watu weusi waliozaliwa palepale. Inasimuliwa kwamba askari walikuwa wakimwonyesha mtu kitawi cha mboga na kumwambia akitaje kwa Kihispania, perejil. Mzungumzaji wa Krioli ya Haiti husumbuka na ile r ya Kihispania. Ulimi ukiteleza, umekufa. Hata kama si kila aliyeuawa alipimwa hivyo, kila Mdominika aliyelelewa na bibi yake ameisikia habari hiyo. Kwa miaka mingi baada ya hapo kitambulisho cha taifa kilikuwa na nafasi ya rangi ya ngozi, na watu wengi mno, hata weusi tii, waliandikiwa indio.

Sasa jiweke mahali pa mama wa kijijini mwenye rangi yako, jirani na mpaka huo, anayelea binti. Atamfundisha nini huyo binti kuhusu yeye ni nani? Atamfundisha neno litakalomrudisha nyumbani salama. Bibi yake mwenzako ana uwezekano mkubwa wa kuwa mmoja wa akina mama hao, au binti wa mmoja wao.

Hofu hiyo haikuisha na Trujillo. José Francisco Peña Gómez alizaliwa Machi 1937, akapotezana na wazazi wake katika mauaji yale, akalelewa na familia ya Kidominika. Alikuja kuwa meya wa Santo Domingo. Mwaka 1996 alipata kura nyingi kuliko wote katika duru ya kwanza ya urais. Wapinzani wakampakazia kuwa Mhaiti atakayeiuza nchi, na wazee wawili mahasimu wa miaka mingi, Joaquín Balaguer na Juan Bosch, wakashikana mikono ili asipite. Hakupita. Kisha tarehe 23 Septemba 2013 mahakama ya katiba iliamua kwamba waliozaliwa nchini tangu 1929 na wazazi wasio na vibali si raia. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Haiti wakajikuta hawana nchi. Sheria ya mwaka uliofuata ilirekebisha sehemu tu ya madhara. Ndiyo maana sikubali neno indio lichukuliwe kuwa jambo dogo la watu na lugha yao. Linampa mwenzako kivuli, na palepale linamwacha mwingine juani.

Uliuliza kana kwamba hili ni la Wadominika peke yao. Hapana, wao ni mfano mkali tu. Mwaka 1795 mfalme wa Hispania alitoa orodha ya bei za hisani zake, na mojawapo ilikuwa hati ya kumwondolea mtu weusi: reali 500 kwa aliyeitwa pardo, yaani chotara, na 800 kwa quinterón, ambaye tayari alikuwa amekaribia weupe. Unalipa, unapewa karatasi, mwanao anaweza kusoma chuo kikuu. Puerto Rico mpaka leo mtu akijidai mweupe anaulizwa, "Na bibi yako yuko wapi?" Kwa sababu bibi mweusi alifichwa jikoni wageni walipokuja.

Rio de Janeiro kuna picha ya mwaka 1895 ya mchoraji Modesto Brocos, ambayo sijawahi kuitazama bila moyo kunisokota. Kushoto amesimama bibi mweusi, pekupeku juu ya udongo, ameinua mikono na uso mbinguni anashukuru. Katikati amekaa binti yake, maji ya kunde, amempakata mtoto mweupe. Kulia ni baba wa mtoto, Mzungu, anatabasamu. Bibi anamshukuru Mungu kwa nini? Kwa kuwa mjukuu hakufanana naye. Mwaka 1911 mwanasayansi wa Brazili, João Batista de Lacerda, alikwenda na mfano wa picha hiyo London, kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu mbari za watu, akatabiri kwamba ndani ya karne moja weusi wa Brazili watakuwa wamekwisha. Nchi hiyo ilipokea Waafrika karibu milioni 5, kuliko nyingine yoyote ya Amerika, na ikawa ya mwisho kufuta utumwa, 1888. Sensa yake ya 2022 inaonyesha asilimia 45.3 walijiandika pardo na 10.2 preto, mweusi. Weupe ni 43.5. Lacerda alikosea kabisa.

Hesabu za namna hii zinapanda na kushuka bila mtu kuzaliwa wala kufa. Kolombia ilihesabu watu milioni 4.3 wenye asili ya Afrika mwaka 2005, na 2018 ikapata chini ya milioni 3. Hawakuhama. Walihesabiwa vibaya, au hawakujitambua katika maneno waliyosomewa. Meksiko haikuuliza kabisa mpaka 2015, na ilipouliza tena katika sensa ya 2020 ikapata milioni 2.5. Hata hapo Marekani, kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, mwaka 2014, na mmoja kati ya wanne akasema ana asili ya Afrika na Ulatino pamoja. Walipoulizwa rangi, asilimia 39 ya hao walisema ni weupe, 18 tu weusi. Asili ni kitu kimoja, na jibu la fomu ni kitu kingine.

Nikuambie na jambo litakalokufurahisha. Wengi wa mababu zao walitoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Upande wetu wa bahari walitoka wachache zaidi, hasa kupitia Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, na wengi wao walipelekwa Brazili. Katika jimbo la Minas Gerais vikundi vya ngoma vya sikukuu ya Mama Maria wa Rozari mpaka leo vingine vinaitwa Moçambique. Kwa hiyo ukoo wa moja kwa moja na Tanga usiutafute sana. Lakini watu wa Kongo na Angola ni Wabantu wenzetu, na maneno yao yapo. Kolombia kuna kijiji cha San Basilio de Palenque kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka. Katika lugha yao ng'ombe ni ngombe. Ndiyo, ngombe. Mbrazili anamwita kitinda mimba caçula, kutoka Kimbundu, na genge la mboga na matunda analiita quitanda. Hapo Dominika penyewe, Villa Mella, nje kidogo ya Santo Domingo, wapo wanachama wa chama cha Roho Mtakatifu cha Wakongo. Hupiga ngoma ziitwazo congos kwenye sikukuu na kwenye matanga, na UNESCO iliwatambua mwaka 2001. Wadominika wenyewe wana msemo kwamba kila mtu kwao ana weusi nyuma ya sikio. Wanajua, mwanangu. Kujua hawajakosa.

Sasa wewe ufanyeje. Kwanza, usimpelekee kipimo cha vinasaba wala hizi asilimia zangu. Kipimo kitamwambia Benin, Kamerun, Kongo, na yeye atajibu kwamba mama yake alimwambia india. Atakuwa sahihi, maana kweli aliambiwa hivyo. Pili, usimwombe msamaha kwa kumwita mweusi kana kwamba ulimtukana. Hukumtukana, na ukiomba msamaha utakuwa umekubali kwamba neno hilo ni tusi, nalo ni jina lako pia. Mwambie tu kwamba huku ulikotoka "sisi" ni neno la kumvuta mtu karibu, na ulilitumia hivyo.

Tatu, wapo Wadominika wengi, hasa vijana na hasa wanawake, wanaoacha nywele zao za asili na kujiita negra, yaani mweusi, au afrodominicana kwa sauti. Huenda mwenzako ana mpwa wa namna hiyo na wamekwisha kugombana sebuleni. Usiwe mtu wa pili wa kumsukuma. Akiwa na la kusema kuhusu huyo mpwa, msikilize mpaka mwisho.

Nne, pika. Wana chakula cha asubuhi kiitwacho mangú, ndizi mbichi za kuchemsha zinazopondwa na mafuta au siagi, juu yake vitunguu vilivyolowekwa siki. Peleka mtori usiku mmoja, usitie nyama nyingi ili ndizi zionekane. Muulize kwao ndizi zilipondwaje, nani aliyemfundisha, na huyo aliyemfundisha alikuwa mtu wa namna gani. Usiulize rangi. Atakutajia bibi, na akishaanza kumsimulia bibi atakuonyesha picha. Itazame polepole, umwambie anamfanania nani katika ukoo wenu. Kisha uniandikie alisema nini.